Kulitegua neno "set": mwongozo kamili kwa mchezaji wa michezo ya maneno ya Kiingereza

Msemaji wa Kiswahili anayejaza chemshabongo ya Kiingereza huogopa maneno marefu, ilhali maneno marefu hayamsumbui sana. Neno la herufi kumi na moja mara nyingi huwa na maana moja au mbili, na mtu akishalipata kwenye kamusi kazi imekwisha. Yanayomlaza na miraba mitupu ni maneno mafupi aliyofundishwa akiwa darasa la tatu. Mwongozo huu unashughulikia moja tu kati ya hayo, neno "set", kwa sababu ndilo lililonipotezea muda kuliko mengine yote, na kwa sababu njia ya kulitegua inafaa vilevile kwa "run", "put", "line" na jamaa zao.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipotoka katika toleo la pili mwaka 1989, ikiwa na majuzuu 20, neno lililopewa maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set": maana zaidi ya 430, katika maelezo ya takriban maneno 60,000. Katika marekebisho yaliyofuata neno "run" limelipita, lakini kwa mchezaji hilo halibadilishi kitu. Hakuna atakayekariri maana 430, wala hakuna haja. Kinachohitajika ni mpangilio wa maswali ya kujiuliza, moja baada ya jingine, mpaka ibaki maana moja inayoingia kwenye miraba iliyopo.

Hatua ya 1: Tenganisha kuweka na kundi

"Set" ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa sura moja. La kwanza ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, "settan", kilichotokana na kitenzi cha kukaa kwa namna ileile tunayopata "ketisha" kutoka "keti". Maana yake ya msingi ni kufanya kitu kikae mahali pake. La pili ni nomino iliyoingia kupitia Kifaransa cha kale, ikiwa na asili ya Kilatini "secta", yaani wafuasi wa mtu au wa njia fulani, na ndilo lililoleta maana ya kundi. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kidokezo chochote ni hili: je, hapa kuna kitu kimewekwa, au kuna vitu vimekusanywa?

Msemaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu zaidi hapa kuliko mtu mwingine. Lugha yetu imeazima hasa upande mmoja wa neno hili: tunasema seti ya vikombe, seti katika hisabati, seti ya tenisi na ya voliboli. Kwa kuwa sikio letu limezoea "seti", tukiona "set" akili hukimbilia kundi bila hata kuulizwa, na upande wa kuweka, ambao ndio mpana zaidi, husahaulika. Nimewaona wachezaji wazuri sana wakiandika KIT, yaani vifaa vilivyokusanywa, mahali palipodai PUT, na kosa lilianzia hapo hapo.

Yapo pia machache yasiyoingia vizuri upande wowote, na hayo ni ya kukariri tu. Shimo analoishi "badger", mnyama wa Ulaya wa jamii ya nyegere, huitwa "sett" au "set". Vitunguu vidogo vinavyopandwa badala ya mbegu huitwa "onion sets". Halafu kuna Set mwenyewe, mungu wa jangwa na tufani katika Misri ya kale, aliyemuua ndugu yake Osiris. Watunzi wanampenda kwa sababu jina lake lina herufi tatu, na kidokezo kikianza na neno "Set" huwezi kujua kama ile herufi kubwa ni ya jina la mungu au ni ya mwanzo wa sentensi.

Hatua ya 2: Tambua aina ya neno

Kiswahili hutusaidia kwa upatanisho. Neno "paa" lina maana kadhaa, lakini "paa wamekimbia" hawawezi kuwa mapaa ya nyumba, na "paa linavuja" haliwezi kuwa mnyama. Kiingereza hakina ngeli za kutuokoa, kwa hiyo lazima tutafute dalili nyingine. Likitanguliwa na "a" au "the", "set" ni nomino. Likitanguliwa na "to", ni kitenzi. Likifuata "is", "was" au "all", kwa kawaida ni kivumishi chenye maana ya kuwa tayari au kuwa imara bila kubadilika, kama mwanariadha anayesubiri mlio wa bastola baada ya kuambiwa "get set", au kama "set menu", chakula cha mkahawa ambacho mteja hachagui bali hupewa kilichopangwa.

Ugumu wenyewe unakuja pale kidokezo kizima kinapokuwa neno moja, "Set", bila kitu mbele wala nyuma. Hapo tegemea kanuni inayoheshimiwa na watunzi wote makini: jibu lazima liweze kukaa mahali pa kidokezo katika sentensi, kwa aina ileile ya neno, kwa umoja au wingi uleule, na kwa wakati uleule. Kidokezo kikiwa "Sets", jibu ama ni nomino ya wingi ama ni kitenzi cha nafsi ya tatu, na kwa vyovyote vile mraba wa mwisho una uwezekano mkubwa wa kuchukua S, ambayo unaweza kuitia kwa penseli kabla hujajua lolote lingine. Kidokezo kikiwa "Some living room sets", jibu la TVS linapatikana kwa sababu ya ule wingi.

Hatua ya 3: Pitisha vitenzi vya Kiswahili kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na sijaiona katika mwongozo wowote wa Kiingereza kwa sababu Mwingereza hana namna ya kuitumia. Yeye ana kitenzi kimoja kinachofanya kazi ishirini. Sisi tumeigawia kila kazi kitenzi chake. Tukikwama, hatuhitaji kujiuliza "set" ina maana gani nyingine. Tunapitisha vitenzi vyetu vilivyo hai mdomoni, na kila kimoja kinatufikisha kwenye maana ambayo vinginevyo tungeisahau.

Kuweka hutupa kikombe mezani, rekodi ya mbio na mfano mwema: PUT, LAY, PLACE. Kuandaa, au kuandika kama wanavyosema watu wa pwani, hutupa meza ya chakula, na jibu la kawaida ni LAY au LAID. Kutega hutupa mtego wa panya na saa ya kengele. Kutunga hutupa mtihani. Kupanga hutupa tarehe ya harusi, ambayo kwa Kiingereza ni FIX, na pia herufi za risasi za mchapaji wa zamani. Kuunga hutupa mfupa uliovunjika, kupachika hutupa kito kwenye pete, kutia hutupa nyumba iliyotiwa moto na shairi lililotiwa muziki. Kutweka tanga hutupa safari ya chombo. Kuku anaatamia mayai, na ua la mwembe linafunga tunda. Vyote hivyo kwa Kiingereza ni "set".

Kuganda na kushika vinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Jeli iliyowekwa kwenye jokofu huganda, na zege lililomwagwa kwenye msingi wa nyumba hushika. Sisi tunatofautisha, maana fundi akisema zege limeganda wasikilizaji watamshangaa kidogo, lakini Kiingereza hakitofautishi. Majibu ya upande huu ni GEL, HARDEN na CONGEAL, na katika chemshabongo za Marekani hata JELL. Nilipoanza kucheza sikuwahi kufikiria GEL kwa sababu kwangu hilo lilikuwa jina la mafuta ya nywele tu. Siku niliyojiuliza "kitu gani hushika?" nikiwa natazama mafundi wakimimina zege kwa jirani, nililipata papo hapo.

Kisha kuna kutua, ambacho kwangu ndicho kitenzi bora kuliko vyote katika orodha hii. Mama aliyebeba mtungi hutua mzigo. Ndege hutua uwanjani. Jua hutua jioni. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kimebeba maana tatu za "set" zinazoonekana, kwa Kiingereza, kama hazina uhusiano wowote, nasi tumezitumia tangu utotoni bila kushangaa. Anayekishika kitenzi hiki ana silaha ambayo wenye lugha hawana, kama hatua inayofuata itakavyoonyesha.

Hatua ya 4: Chunga wakati wa kitenzi, na andika kwa penseli

"Set" haibadiliki katika wakati uliopita. Wao wanaweka leo, "they set". Waliweka jana, "they set". Jibu lenyewe, hata hivyo, karibu kila mara hubadilika, kwa hiyo kidokezo kimoja kinaweza kudai LAY au LAID, GEL au GELLED, na urefu wa jibu ndio unaoamua. PUT ni ya pekee kwa sababu nayo haibadiliki, kwa hiyo inaingia pande zote mbili.

Urefu wa jibu hautoshi kila mara. Siku moja kidokezo kilisema "Set down", herufi nne. Nilikwisha kupata L mwanzoni, A baada yake na D mwishoni, kwa hiyo niliandika LAID kwa kalamu ya wino na kuendelea, nikiwa na uhakika kabisa. Neno la kushuka lililopita kwenye mraba wangu wa tatu lilikuwa K, kisha ile I yangu, kisha E mbili, na kidokezo chake kilihusu kiungo cha mguu. Nilikaa nusu saa nikikitilia shaka kidokezo cha mguu, nikitafuta neno la kitabibu linaloanza na KI, na sikuwahi hata mara moja kuitilia shaka I. Neno lilikuwa KNEE, goti, ambalo kila mtoto wa shule analijua. N ilipoingia, LAID ikawa LAND.

Tazama jinsi mtego ulivyosukwa. LAID ni wakati uliopita: mtu alitua kitu chini. LAND ni wakati uliopo: rubani anatua ndege chini. Majibu yote mawili ni sahihi kwa kidokezo kilekile, yana urefu uleule na herufi tatu zilezile mahali palepale, na tofauti yake inakaa katika mraba mmoja wa katikati. Mwingereza anapaswa kuruka kutoka mezani hadi uwanja wa ndege ili aione. Sisi tunabaki ndani ya kutua. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba kila jibu la "set" huandikwa kwa penseli mpaka angalau herufi zake mbili zithibitishwe na maneno yanayolikata, na neno linalokata likigoma, ninashuku "set" kwanza kabla ya kushuku jambo lolote lingine.

Hatua ya 5: Jua unacheza chemshabongo ya desturi gani

Chemshabongo ya kwanza ya aina hii ilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, na mtunzi wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool. Marekani iliendelea na vidokezo vya moja kwa moja kama hivi tulivyoviona, na katika miraba yake kila herufi iko katika maneno mawili, la kulala na la kusimama, kwa hiyo kuthibitisha ni rahisi. Uingereza ilichukua njia nyingine. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa imekuza chemshabongo ya mafumbo, ambayo kila kidokezo chake kina sehemu mbili: maana halisi ya jibu, mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa maneno unaolifikia jibu lilelile kwa njia nyingine. Herufi nyingi za miraba yao hazikatwi na neno lolote, kwa hiyo msaada ni mdogo.

Ili jambo hili lieleweke nimetunga vidokezo kadhaa. Chukua "Ready to harden (3)", ambapo namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Kwa juu juu kinasoma kama saruji iliyo karibu kushika. Kikate vipande viwili: "ready" ni "set" kama kivumishi, na "to harden" ni "set" kama kitenzi. Maana mbili zimewekwa bega kwa bega, na jibu ni SET. Kidokezo "Part of match that's fixed (3)" kinafanya kazi kwa namna hiyohiyo, isipokuwa kinampeleka msomaji kwenye mechi iliyouzwa, maana "fixed" humaanisha pia kupanga matokeo kwa rushwa. Usifuate hadithi hiyo. Sehemu ya mechi ya tenisi ni seti, na kitu kisichobadilika ni "set". Hakuna rushwa yoyote.

Namna nyingine ni kulificha neno. "Put in closets (3)" inaonekana kama nguo zinazoingizwa kabatini, lakini "in" inakuelekeza uchungulie ndani ya neno linalofuata, na humo, kati ya CLO na S, SET imekaa ikisubiri. "Put" ndiyo maana halisi. Na mara nyingine "set" huwa kipande tu cha jibu refu: katika "Out of bed and ready, but unhappy (5)", aliyetoka kitandani ni UP, aliye tayari ni SET, na asiye na furaha ni UPSET. Ukikuta "set" ndani ya kidokezo chenyewe cha aina hii, zingatia pia kwamba inaweza kusimama badala ya TV, na kwamba "set in" huweza kuwa amri ya kuingiza kipande kimoja ndani ya kingine.

Hatua ya 6: Katika michezo ya makundi, subiri

Mchezo wa Connections, ulioanza kutolewa na gazeti la The New York Times mwezi Juni 2023, humpa mchezaji maneno 16 ayagawe katika makundi manne ya maneno manne, na akikosea mara nne mchezo umekwisha. Mchezo huu umejengwa juu ya maneno ya aina ya "set". Ukiona GAME, SET, MATCH na POINT katika jedwali moja, mkono utawasha kuyabonyeza kwa sababu ya tenisi, na hiyo ndiyo sababu ya kutoyabonyeza. Kila moja kati ya hayo lina kazi nyingine: "game" ni nyama ya mwituni au mtu aliye radhi kujaribu, "match" ni njiti ya kiberiti, "point" ni ncha, nalo "set" laweza kukaa na GEL, CLOT na HARDEN, au na GROUP, BATCH na BUNCH.

Hesabu kabla ya kubonyeza. Andika kando kila wazo la kundi unaloliona na maneno yote yanayoweza kuingia humo, hata kama ni matano au sita. Kundi lenye maneno matano haliko tayari. Kundi lenye manne ambalo hakuna hata moja linalodaiwa na kundi lingine ndilo la kuanza nalo. "Set" iwe ya mwisho kupangwa, kwa sababu inaweza kukaa karibu popote na kwa hiyo haikuambii kitu mpaka wengine wameketi.

Katika Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi zenye pointi, maana hazina uzito, kwa hiyo nitapita haraka. SET ina pointi tatu tu, lakini hupokea herufi nyuma yake ikawa SETS, SETT au SETA, hili la mwisho likiwa jina la unywele mgumu wa mdudu au mmea, na mbele yake huingia RE, BE, IN, ON, UP na SUN. Usiitumie S yako, maana ziko nne tu katika vigae 100, kwa neno la pointi tatu lisilokatana na lingine.

Hatua ya 7: Mtazame mtegaji mwenyewe

Sisi husema "kitendawili!" na kuitikiwa "tega!", na anayekitoa amekitega. Waingereza nao humwita mtunzi wa chemshabongo ya mafumbo "setter", neno ambalo lingetafsirika vizuri kabisa kuwa mtegaji, na mtegaji huyo hupenda kujitaja ndani ya vidokezo vyake. Ukikuta "setter" katika kidokezo cha Kiingereza cha Uingereza, jaribu kwanza ME au I, kwa maana anayezungumza ni yeye. "Setter's" huweza kuwa MY. Ikishindikana, jaribu mbwa wa kuwindia anayeitwa hivyo. Ikishindikana tena, rudi kwenye hatua ya tatu ukaulize ni nani afanyaye kila kazi: anayeshika ni saruji, anayeganda ni jeli, anayeatamia ni kuku, anayemwinulia mwenzake mpira wa voliboli ni mchezaji wa nafasi hiyo.

Jaribu kwa hiki, ambacho nimekitunga kwa msomaji wa Kiswahili: "Setter seen in the west (3)". Mbwa, yaani DOG, anaingia kwenye miraba mitatu, na HEN anaingia pia, lakini hakuna sababu ya mbwa wala kuku kuonekana magharibi. Pitisha vitenzi tena mpaka ufike kwenye kutua. Jibu ni SUN.